Ushujaa wa Kuachia Madaraka

Litajwapo neno ushujaa, wengi hukumbuka bunduki na uwanja wa vita. Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania alituachia mfano wa ushujaa mwingine. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika, alijiuzulu uwaziri mkuu, akaenda vijijini kukijenga chama. Mwishoni mwa mwaka huo wananchi wakamchagua Rais. Maasi ya askari ya Januari 1964 hayakumng'oa. Bali mwaka 1985 aling'atuka kwa hiari, akarudi Butiama kushika jembe. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba cheo ni dhamana, wala si mali ya mtu.

Ndugu zetu wa jeshi na polisi, silaha mliyokabidhiwa ni ya wananchi. Ishikeni kwa nidhamu. Na siku ya kuirudisha ikifika, irudisheni kwa moyo mweupe.