Maoni: Mama aliyezaa kwa operesheni apewe wiki zake 6

Katika wodi ya wazazi tunasikia mara kwa mara maneno haya: "Mbona fulani alipasuliwa ngiri, na siku ya tano alikuwa bombani?" Anayeambiwa ni mama aliyejifungua kwa operesheni. Anayesema ni mume, au mama mkwe. Siku hizi limeongezeka jingine. Jamaa waliohamia Marekani hupiga simu na kusimulia habari za upasuaji wa kupunguza tumbo, ambao watu hujilipia ili ngozi iliyolegea baada ya kuzaa iondolewe, na eti baada ya wiki mbili mtu amerudi kazini. Basi mama yetu huku kambini anaonekana mvivu. Kwa maoni yangu ulinganisho huo si wa haki, na unawaumiza watu.

Angalia kinachokatwa. Ngiri ya kinena huwa na mkato mdogo wa upande mmoja, na wengi hutembea siku ile ile au kesho yake, ingawa nao hukatazwa mizigo. Kidole tumbo kilichowahiwa ni vivyo hivyo. Kikipasuka na usaha ukaenea tumboni, hapo mgonjwa anaweza kulala hospitali siku nyingi. Huo upasuaji wa kupunguza tumbo una mkato mrefu, kutoka nyonga hadi nyonga, na mara nyingi misuli iliyoachana huvutwa ikashonwa pamoja. Siku za kwanza mtu hutembea ameinama kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Maumivu yake si madogo. Lakini kwa kawaida daktari haingii penye utumbo wala kizazi. Tena mtu huyo huambiwa asinyanyue kitu kizito kwa muda wa wiki 6 hivi. Sehemu hiyo ya habari haifiki kwenye simu.

Sasa mama wa operesheni. Hukatwa ngozi, mafuta, utando mgumu unaoshikilia misuli, utando laini wa ndani, halafu kizazi chenyewe. Amepoteza damu. Pengine alikuwa na uchungu usiku kucha kabla ya kupelekwa kupasuliwa. Kizazi nacho hujikaza ili kirudi ukubwa wake, hasa mtoto anaponyonya, na kizazi hicho ndicho chenye mshono. Na usiku halali, kwa kuwa ana mtoto mchanga. Aliyepasuliwa ngiri hana mtoto wa kunyonyesha saa nane za usiku.

Kinachowadanganya watu ni ngozi. Baada ya wiki moja hivi nyuzi za juu hutolewa na kidonda kinaonekana kimefunga, lakini ule utando mgumu wa ndani bado. Hata wiki ya 6 haujarudisha nguvu zake zote. Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20. Mtoto mchanga ana kilo 3 hivi. Mama ambebe mtoto wake, inatosha. Maji, kuni na kutwanga vifanywe na wengine.

Simaanishi alale tu kitandani. Tangu siku ya kwanza au ya pili aamke, aende chooni, azunguke nyumba, maana kulala mno kunaweza kugandisha damu miguuni. Akitaka kuinuka ageukie ubavu kwanza. Akikohoa ashikilie blanketi lililokunjwa juu ya mshono. Maji ya moto yasikandwe juu ya kidonda, na kitenge kisikazwe hata akashindwa kuvuta pumzi. Hakirudishi misuli mahali pake.

Wapo akina mama wanaoficha vidonge chini ya mto kwa kuogopa vitaingia katika maziwa. Paracetamol na ibuprofen, zikimezwa kama mhudumu alivyoelekeza, hazimdhuru mtoto anayenyonya. Siku za kwanza zimezwe kwa saa zilizopangwa, maumivu yasingojwe yakolee. Mama anayeumia sana hatembei, hapumui vizuri, na kunyonyesha kunamshinda.

Maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Yakizidi, au ukiona homa, usaha, harufu mbaya, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au tumbo limejaa na mama anatapika, mleteni kituoni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nawe baba, siku ya mgao wa chakula usimpeleke mkeo akasimame kwenye foleni na kidonda chake. Waulizeni mapema wahudumu wa mgao jinsi mtu mwingine wa nyumbani anavyoweza kumchukulia posho, na mjipange nani atabeba gunia.