Siki na Mafuta: Jibu la Uzito Halitoshi

Mchuzi wa saladi umo kwenye chupa ya kioo: mafuta ya alizeti juu, siki chini, na katikati mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Chupa ikitikiswa, vyote vinakuwa kitu kimoja chenye ukungu. Ikitulizwa mezani, matone ya mafuta yanaanza kupanda, yanakutana, yanaungana, na kabla sahani haijaisha mstari umerudi pale pale.

Mwanafunzi akiulizwa sababu, hujibu upesi: mafuta ni mepesi. Hajakosea. Mililita moja ya mafuta ya kupikia ina takriban gramu 0.92, na ya siki hupita gramu 1 kidogo. Lakini jibu hilo linaeleza kipi kikae juu tu. Halielezi kwa nini viwili hivyo vigome kuchanganyika. Spiriti ni nyepesi kuliko hata mafuta, gramu 0.79 hivi kwa mililita, na ikimiminwa ndani ya maji hupotelea humo, isijitenge tena. Mwalimu anayeishia kwenye uzito amempa mtoto nusu ya somo, na nusu iliyobaki ndiyo tamu.

Sababu iko kwenye maji. Siki ya dukani ni maji kwa sehemu kubwa sana. Asidi yake huwa kama asilimia 5. Molekuli ya maji ina chaji hasi kidogo upande wa oksijeni na chaji chanya kidogo upande wa haidrojeni, kwa hiyo molekuli hizo hushikana, huachana na kushikana tena bila kupumzika. Asidi ya siki inaweza kushikana nazo, spiriti vilevile, ndiyo maana zinakaribishwa. Mafuta hayana pa kushikwa. Husemwa kwamba mafuta huyakimbia maji, lakini ukweli ni kwamba maji hung'ang'aniana yenyewe kwa yenyewe, na mafuta yanasukumwa pembeni.

Kiini cha yai hupatanisha. Ndani yake mna lesithini, ambayo kichwa chake hupatana na maji na mikia yake hupatana na mafuta, basi hulizunguka kila tone na kulizuia lisiungane na jirani yake. Hivyo ndivyo mayonesi inavyosimama, ingawa sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 65 ya uzito wake iwe mafuta.

Wapishi wa Pwani wanayajua haya kwa mikono. Tui la nazi nalo ni matone ya mafuta yaliyotawanyika majini, yakishikiliwa na protini za nazi yenyewe. Moto ukiwa mkali na upawa ukatulia, protini zinaganda, matone yanaungana, na tui linakatika: juu mafuta yanang'aa, chini madonge meupe. Kwa hiyo tui jepesi hutangulia chunguni, na tui zito huingia mwishoni, moto umepunguzwa, mpishi akichota na kumimina bila kuacha mpaka litokote taratibu. Hiyo ni kemia kamili, na inasikitisha kuona binti aliyeijua tangu utotoni akiingia darasani na kuambiwa anaanza kujifunza sayansi siku hiyo.

Sinki la jikoni limewahi kuzaa sayansi ya kweli. Mjerumani Agnes Pockels, aliyezaliwa 1862, hakuweza kwenda chuo kikuu kwa kuwa wanawake hawakupokelewa. Akiwa nyumbani Braunschweig akiwatunza wazazi wake, alichunguza jinsi mafuta na uchafu mwingine unavyobadilisha uso wa maji, akitumia vifaa alivyojitengenezea. Mwaka 1891 alimwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, naye akahakikisha barua hiyo inachapishwa katika jarida la Nature.

Shule isiyo na maabara inaweza kuanza kesho. Zinatosha chupa mbili zenye maji na mafuta, moja ikiongezwa tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Zitikiswe kwa pamoja, ziwekwe dirishani, na watoto waandike kila baada ya dakika wanachokiona, kabla mwalimu hajasema neno lolote kuhusu uzito.