Nabii Akiona, Aandike Tarehe

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja hapa Mavivi alishika kipaza sauti akatangaza kwamba kupiga ramli ni giza la mababu, mambo ya wapagani, na kwamba sisi tuliookoka tulishatoka huko. Watu wakaitika amina. Ibada ilipokwisha, akawataka wenye shida wabaki, kila mtu na bahasha yake, afunuliwe ni nani katika ukoo anayemfunga. Jamani! Ramli ni ramli, hata ikivaa kravati.

Kwanza, huo upagani anaoutupia mababu zetu umezunguka dunia nzima. Katika Babeli ya kale makuhani walichinja kondoo wakasoma ini lake. Waroma walibeba kuku watakatifu mpaka vitani. Mwaka 249 kabla ya Kristo kuku walipogoma kula, jemadari Publius Claudius Pulcher aliwatupa baharini, akapigana, akashindwa vibaya. Wazande wa kaskazini ya Kongo yetu walimlisha kuku sumu ya benge, wakangoja afe au apone. Wayoruba wana Ifa na alama zake 256. Pwani, wapo wanaopiga ramli na falaki mpaka leo, ingawa Kurani, sura ya Al-Maida, imekataza kuagua kwa mishale. Na mfalme Sauli, aliyewafukuza waaguzi katika nchi, alijificha usiku akamwendea mwanamke wa Endori. Mhubiri wangu angesoma hapo katika Biblia yake kabla ya kupaza sauti.

Tazama sasa kazi yenyewe. Katika chumba cha maombi cha mbao na turubai, nabii anafumba macho, anatetemeka kidogo, kisha anasema: "Namwona mtu, jina lake linaanzia na K." Mama anaangua kilio. Ndugu zangu, tuko kwa Wanande! Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Kahindo, Kavira, Kavugho: ukirusha jiwe sokoni litampiga mwenye K. Huo ni ufunuo gani? Mama anamaliza mwenyewe kazi ya nabii, anamtaja mke mwenzake au mama mkwe, na bahasha inabaki mezani.

Mimi nina ombi moja tu kwa waonaji wote, wa kanzu, wa hirizi na wa kravati: andikeni. Wafalme wa Shang wa Uchina, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walichoma mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe wakasoma nyufa zake. Lakini walichonga swali, wakachonga jibu, na mara nyingine wakachonga na yaliyotokea. Mfalme Wu Ding aliagua siku njema za mkewe Fu Hao kujifungua. Mtoto akazaliwa siku nyingine, na pale pale kwenye gamba wakachonga kwamba haikuwa njema, ni msichana. Kumdharau msichana ni upumbavu wao, lakini hesabu waliiweka wazi. Nabii gani wa Beni au Butembo amewahi kubandika ukutani unabii wake uliokosea?

Andikeni tarehe! Mlikuwa wapi Oktoba 2014, mauaji yalipoanza huku kwetu, Ngadi na Eringeti? Nani aliandika "Rwangoma, 13 Agosti 2016" kabla watu hawajauawa huko? Nani aliitaja Ebola kabla haijatangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikaondoka na watu zaidi ya 2,200? Oktoba 2020 wafungwa zaidi ya 1,300 walitoroka gereza la Kangbayi, na hakuna aliyeota hata mlango umefunguka. Mkulima wa kakao aliyeuawa angepona kama angeambiwa mapema: kesho usiende shambani. Anaambiwa baada ya mazishi, tena anaambiwa ni shangazi yake.

Nilipouliza hayo, shemasi mmoja alinijibu kwamba nabii aliona yote, ila Bwana alimkataza kusema. Ajabu! Bwana anamkataza kusema njia ya wauaji, lakini anamruhusu kusema nani kakufungia biashara. Anamruhusu pia kutupigia bafle mpaka saa tisa ya usiku, katika mji ambao watu wanahitaji kusikia kama kuna risasi.

Nisiambiwe kwamba hayo hayamdhuru mtu. Kivu Kusini, Septemba 2021, wanawake walichomwa moto na kupigwa hadi kufa baada ya kuonyeshwa kidole na bajakazi, hao hao waombaji wenye mafunuo. Tanzania ililazimika kuwapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015 kwa sababu ya mauaji ya wenye ualbino. Watanzania wanaiita ramli chonganishi, na ndivyo ilivyo. Haimchongei kanali wala tajiri wa Butembo hata siku moja. Inamchongea mjane, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, yatima anayekojoa kitandani.

Kuhusu yatima huyo sheria imeshasema. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi na inataka anayefanya hivyo aadhibiwe. Basi nabii akimtaja mtoto wako, usimpe bahasha. Mpeleke polisi, na utaje jina lake lote, si herufi ya kwanza tu.