Mafumbo ya Mwezi: Milima na Mito ya Uingereza

Mwezi huu mafumbo yetu yanatupeleka Uingereza. Kamateni kalamu, mufunike majibu kwa mkono, na musimuulize kaka mbele ya kujaribu wenyewe.

KULALA
1. Mto unaopita mito yote ya kisiwa kile kwa urefu. Unazaliwa katika milima ya Wales. Herufi 6.
4. Ziwa la Scotland. Watu wanasema mnyama wa ajabu anajificha ndani. Herufi 4.
6. Kijiji cha Wales kilicholiliwa na dunia nzima mwaka wa 1966. Herufi 7.

KUSIMAMA
2. Mlima unaopita yote kule. Jina lake linaanza na "Ben", maana yake mlima kwa luga ya watu wa Scotland. Tafuta neno la pili. Herufi 5.
3. Mji wa bahari wenye majabali meupe, unaotazama Ufaransa. Herufi 5.
5. Mlima mkubwa wa Wales. Herufi 7.

MAJIBU
1. SEVERN. Urefu wake ni kilometa 354.
2. NEVIS. Una mita 1,345. Ninyi wa Kolwezi, muchekelee kidogo: mji wenu unapita mita 1,400, basi munalala juu kupita kichwa cha mlima ule!
3. DOVER. Weupe ule ni mawe ya chokaa.
4. NESS. Mnyama hakuna aliyemkamata. Lakini maji yake yanapita maji ya maziwa yote ya England na Wales yakiwekwa pamoja.
5. SNOWDON. Mita 1,085.
6. ABERFAN. Hapa, wapenzi, tuweke kalamu chini kidogo.

"Aber" kwa luga ya Wales ni mahali mto unapoingia katika mto mwingine ao baharini. Jina ni la maji, lakini kijiji kilikuwa cha makaa ya mawe. Baba walishuka chini ya udongo, na takataka za mgodi zilimwangwa mlimani, juu ya nyumba za watu. Ni terili, kama zile tunazozijua. Ile ya saba ilianzishwa mwaka wa 1958, juu ya chemchemi ya maji.

Watu waliona hatari. Mwaka wa 1963 wakubwa wa mji waliandikia kompani ya makaa barua juu ya lundo lile lililokuwa nyuma ya masomo. Barua ilifika, lakini lundo likaendelea kupanda.

Siku ya tano, tarehe 21 mwezi wa kumi, 1966, asubuhi, watoto walikuwa wamekwisha ingia darasani. Terili, iliyolowa maji, ikateleza kama uji, ikafunika masomo ya Pantglas na nyumba za jirani. Watu 144 walikufa, na 116 kati yao walikuwa watoto. Nyumba ya sala ya Bethania ikawa mahali wazazi walikwenda kutambua watoto wao. Mwaka wa 1967 waamuzi walisema wazi: kosa ni la kompani. Kiisha, mwaka wa 1969, sheria ya kuchunga malundo ikatoka.

Vijana, mlima wa Mungu umekaa miaka mingi, umejua namna ya kusimama. Mlima wa mikono ya watu haujajifunza bado. Musichezee juu yake wala kuchimba miguu yake. Na ninyi wazazi, mukiona maji yanatoka chini ya lundo, ao ufa mpya kule juu, musiseme "wakubwa wanajua". Kule Aberfan wakubwa walijua. Muende wengi, muandike, na kama hawajibu, murudi tena. Kumpenda jirani ni pamoja na kugonga mlango mara ya pili.

Mungu awalinde. Tutaonana mwezi ujao kwa mafumbo mengine.