Asiyekuwepo na lake halipo: Pwani iketi kwenye meza ya viwango

Tukizungumzia uchumi wa Pwani, maneno ni yale yale: bandari, ardhi, utalii, na siku hizi uchumi wa samawati. Wanasiasa wetu wameyahifadhi kwa moyo. Lakini kuna jambo moja ambalo sijawahi kulisikia likitajwa kwenye mkutano wa hadhara, nalo huamua kama mafuta ya nazi ya mama wa Kilifi yatapata nafasi kwenye rafu za duka kubwa, au yataendelea kuuzwa kando ya barabara katika chupa zilizotumika. Jambo hilo ni viwango vya ubora, na hasa swali la nani anayeviandika.

Wengi wetu tunalijua Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, kwa alama yake na kwa misako ya bidhaa ghushi. Shirika hilo lilianza kazi mwaka 1974, chini ya Sheria ya Viwango. Mtu wa kawaida huamini kuwa viwango vyake vinashushwa kutoka Nairobi kama amri. Sivyo. Kiwango huandikwa na kamati ya kiufundi yenye watengenezaji, wasomi wa vyuo vikuu, watu wa maabara, maafisa wa serikali na wawakilishi wa watumiaji. KEBS ndiyo katibu. Rasimu ikikamilika hutolewa kwa umma, na taratibu za Shirika la Biashara Duniani zinataka watu wapewe angalau siku 60 za kutoa maoni, isipokuwa kuna dharura. Baada ya hapo hupelekwa kwa Baraza la Kitaifa la Viwango kuidhinishwa.

Kwa hivyo mlango upo. Ninalouliza ni kama sisi tunaupita.

Nichukue mfano wa mafuta ya nazi. Tume ya kimataifa ya viwango vya vyakula, Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, ina kiwango cha mafuta ya mimea cha mwaka 1999. Ndani yake kuna kipimo cha asidi. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani hayatakiwi kuzidi 0.6. Mafuta yaliyopatikana kwa kukamua na joto pekee, bila kubadilishwa asili yake, yanaruhusiwa kufika 4.0. Mama anayekuna nazi, akakamua tui na kulichemsha mpaka uto ujitenge, yuko kwenye kundi hili la pili.

Sasa fikiria kama kungekuwa na nambari moja tu, ile ya 0.6. Mafuta mengi ya tui yangefeli kwenye maabara na kuitwa mabovu, ilhali hayana sumu wala hayajaoza. Kosa lake lingekuwa kutopitia kiwandani tu. Mstari mmoja kwenye jedwali ndio unaotofautisha bidhaa halali na bidhaa ya kunyang'anywa. Na mstari kama huo hauandikwi mpaka pawepo mtu anayejua mafuta ya aina zote mbili, ainue mkono na kusema, "Hapa tunachanganya vitu viwili."

Wanaodhani haya ni mambo madogo watazame Kilindini. Makontena yale karibu yote ni ya futi 20 au 40, na urefu huo haukuja wenyewe. Mmarekani Malcom McLean alianza kusafirisha masanduku yake kwa meli mwaka 1956, na baadaye kampuni yake ikatumia ya futi 35. Kampuni ya Matson, iliyopeleka mizigo Hawaii, ilitumia ya futi 24. Hao ndio waliotangulia, na walishatia pesa nyingi. Lakini kamati za viwango, kwanza Marekani na kisha za kimataifa katika miaka ya 1960, zilichagua futi 10, 20, 30 na 40. Urefu wa McLean haukuwemo, wala wa Matson. Kutangulia hakukuwasaidia. Palipobaki alama ya McLean ni kwenye vyuma vya pembe vya kufungia makontena: alikubali hataza yake itumiwe na wote, na kiwango cha dunia kikajengwa juu ya ubunifu ule. Aliyetoa kitu mezani alisikika.

Ikiwa kampuni kubwa za Marekani zilipitwa, je, sisi wenye vikundi vya kina mama wa mwani kule Kibuyuni?

Na meza yenyewe inazidi kuwa kubwa. Tangu sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006, kiwango kikishapitishwa na Jumuiya, nchi wanachama hutakiwa kukipokea kama chao. Sasa nchi ni nane, kuanzia Kongo hadi Somalia. Kulalamika baada ya kiwango kupita huko ni sawa na kukimbilia feri iliyokwisha kung'oa.

Nataka nieleweke vizuri. Siombi Pwani ipunguziwe masharti. Sumu ya aflatoksini haimjui mwenyeji wala mgeni, na dini yetu inatukataza kupunja na kudhuru. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usafi na usalama, na wavuvi wadogo ndio walioumia zaidi. Kiwango kizuri humlinda mvuvi kama kinavyomlinda mlaji. Ninachosema ni kwamba kikomo cha sumu ni kitu kimoja, na kipimo kilichotungwa kwa kuiga mashine ya tajiri ni kitu kingine. Anayeweza kuvitenganisha ni mtu anayeifanya kazi yenyewe.

Wapo watakaosema kamati hizo ni za kampuni kubwa. Ni kweli kampuni kubwa zina wafanyakazi wanaolipwa mshahara kuhudhuria vikao, na mama wa Kilifi akienda Nairobi anapoteza siku mbili za kazi, nauli juu yake. Rasimu nazo huandikwa kwa Kiingereza kizito. Lakini hiyo ni sababu ya kujipanga. Tukisusa, kiwango kitapita vile vile, nasi tutafungwa nacho.

Kujipanga hakuhitaji mabilioni. Kaunti zetu sita tayari zina Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Iajiri hata afisa mmoja wa kufuatilia rasimu zinazogusa nazi, mwani, samaki, korosho na maembe, na kuzieleza kwa Kiswahili kabla siku 60 hazijaisha. Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vina wataalamu. Wapimiwe mafuta na dagaa wetu ili tukienda kwenye kamati tuwe na takwimu. Kila chama cha ushirika kichague mtu mmoja, ikiwezekana kijana mwenye stashahada aliyekaa bila kazi, awe msomaji wa rasimu. Vikao vya mtandaoni ni jambo la kawaida tangu janga la korona, kwa hivyo nauli si kisingizio tena kila wakati.

Maoni yenyewe yana namna yake. Hayaandikwi kwa hasira wala kwa hotuba. Unataja kifungu, unasema neno gani libadilishwe, unaandika neno mbadala, na unatoa sababu yenye ushahidi. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unaweza kufanya kazi kuliko maandamano.

Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeutaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Tumezoea kuutumia kwenye bajeti za kaunti, ambako tunagombania zahanati na barabara. Mjumbe wa wadi yako akija kuomba kura, muulize pia hili: rasimu ya mwisho ya kiwango cha bidhaa za nazi, nani kutoka Pwani aliisoma?