Kiraka Si Aibu

Aichekaye nguo yenye kiraka aghalabu ni mtu asiyejua kushona. Fundi haicheki. Fundi huisogelea, akautazama mshono, akapima kwa jicho kama pindo limelala sawa, akajua aliyeitengeneza ni mtu wa namna gani. Mimi ni mwalimu, na nathubutu kusema kwamba kicheko hicho, kijapokuwa kidogo, ni dalili ya ugonjwa mkubwa katika elimu yetu. Tumewalea vijana wawezao kuandika kurasa mbili juu ya maana ya ubunifu, na wasioweza kurudisha kifungo kilichong'oka. Maneno haya yatawaudhi baadhi ya wasomaji. Na yawaudhi.

Wasemao kuwa vipande na mabaki ni takataka na waitazame leso, nguo ambayo haikosekani katika nyumba yoyote ya pwani, na ambayo bara pia imeenea. Inasimuliwa kuwa katika karne ya 19 wanawake wa pwani hii walinunua vitambaa vya mraba ambavyo Wareno waliviita lenço, na ndilo asili ya jina letu. Mwanamke hakununua kimoja kama alivyotaka muuzaji. Alikata sita kwa pamoja, akavigawa vitatu vitatu, akaviunganisha kwa sindano na uzi, akapata vazi ambalo hapana mwenye duka aliyeliwaza. Wafanyabiashara walifuata nyuma yake, wakaanza kuagiza nguo nzima zilizopigwa chapa kwa mfano ule. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na leso za nyumba hiyo zimevaliwa na vizazi vingi. Biashara kubwa ilizaliwa na mshono wa mtu aliyeunganisha vipande. Nani basi atathubutu kusema kuwa kuunganisha vipande ni kazi ya mjinga?

Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Karnataka nchini India, wako watu waitwao Wasiddi, ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi wao wakiwa wamepelekwa Goa utumwani na Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi kwa nguo kuukuu. Mshonaji huanza ukingoni, akaja akizunguka kidogo kidogo mpaka katikati, na katika kila pembe hutia vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua. Nchini Marekani pia, katika kijiji cha Gee's Bend jimboni Alabama, wajukuu wa watumwa walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili watoto wao wasife baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, na baadaye New York, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikaichapa katika stempu za posta. Walioishona hawakungoja jumba la sanaa liwaambie kuwa ni mizuri. Walikwisha kuyajua hayo walipokuwa wakichagua rangi.

Lakini kazi hii haina akili, husema wengine. Basi mpeni msemaji karatasi na kalamu. Anataka mfarishi wa urefu wa meta 2 na upana wa meta 1 na nusu, kwa vipande vya mraba ambavyo vikishashonwa kila ubavu uwe sentimeta 10. Hana budi kuacha sentimeta 1 ya mshono kila upande, kwa hiyo atakata vipande vya sentimeta 12. Vitahitajika 20 kwa 15, yaani vipande 300. Akikosea kila kipande kwa milimeta 2 tu, mstari wa vipande 20 utapungua sentimeta 4, na pembe hazitakutana kamwe. Tena nguo ya pamba isiyofuliwa kabla ya kukatwa itajikunja baadaye na kuivuta jirani yake. Na bado hatujaitaja rangi: ipi ikae karibu na ipi, nyekundu iwekwe mahali gani ili jicho lipate kituo. Hapo hesabu imekwisha na busara imeanza. Nimeona wanafunzi hodari wa darasani wakishindwa na jambo hili, na wengine waliohesabiwa wazito wakiling'amua kwa mara moja. Hilo pekee lingetosha kumfanya mwalimu mwenye haki aipe sindano nafasi darasani.

Wavulana watasema kushona ni kazi ya wanawake. Na waende barazani kwa maduka ya mji wowote wa Kenya, wahesabu wanaume walioketi nyuma ya cherehani, kisha warudi tuzungumze.

Jembe nalo limedharauliwa vivyo hivyo, na ajabu ni kwamba shule nyingi hulitumia kama adhabu. Mtoto akichelewa hupewa jembe. Akipiga kelele hupewa jembe. Atalipendaje? Kumbe watu wasio na konde kabisa hulima kwa werevu upitao wetu. Katika Kibera, Nairobi, wengine hulima ndani ya magunia. Mkebe usio na kitako husimamishwa katikati ya gunia, ukajazwa kokoto, udongo na samadi vikatiwa pembeni. Kisha mkebe huvutwa juu na kujazwa tena, mpaka gunia lijae. Hivyo nguzo ya mawe hubaki katikati, na maji hupita humo yakafika chini bila kukwama. Ubavuni mwa gunia hutobolewa matundu, na katika kila tundu hupandwa mche wa sukuma wiki. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake wa vijijini walikuza miche ya miti hata katika vyungu vilivyovunjika. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Gae la chungu halikumwondolea heshima.

Sasa niiseme shule yenyewe, maana hapo ndipo penye ugomvi wangu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulileta sanaa na ufundi, kilimo na sayansi kimu katika shule za msingi. Miaka ya mwanzo ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika mtihani wa mwisho, na katika nchi inayopima kila kitu kwa mtihani, kuondolewa huko kulikuwa sawa na kuzikwa. Mtaala wa umilisi, ulioenezwa kote kuanzia mwaka 2019, umezirudisha kazi za mikono. Nafurahi. Lakini tazameni lifanyikalo. Mtoto huagizwa atengeneze kitu. Mzazi aliyechoka hukimbia dukani jioni kununua gundi, karatasi za rangi na utepe. Au hununua kitu kilichokwisha kutengenezwa, mtoto akakipeleka akapewa alama. Aliyejitahidi kwa vipande vya nguo kuukuu ya bibi yake huonekana mchafu. Huo si ubunifu. Ni kipimo cha mfuko wa mzazi.

Najua nitaambiwa kuwa nausifu umaskini. Siusifu. Mtoto asiye na sare na apewe sare, wala asiambiwe kiraka kinamtosha. Nitaambiwa pia kuwa nguo za mitumba ni rahisi katika soko la Gikomba, kwa hiyo sindano imepitwa na wakati. Kinyume chake, anayejua kushona ndiye afaidikaye na mitumba, kwa kuwa shati lililofumuka bega ni hasara kwa mwingine na ni bahati kwake.

Wala sitaki hotuba nyingine juu ya kazi ya mikono. Nataka siku moja tu, ile ya kugawa zawadi, ambayo kila shule huijua. Siku hiyo hukodiwa mahema, vitambaa vya kufunika viti, na maua ya plastiki. Wanafunzi huketi juani wakitazama mapambo ya mtu mwingine. Wakamba wana mwethya na Wakikuyu wana ngwatio, ambazo watu hukutana kufanya kazi ya mmoja wao kwa mikono ya wote. Wanafunzi na washone wenyewe vitambaa vya meza, kila darasa meza yake, na mboga za wageni zitoke nyuma ya madarasa. Mwalimu mkuu akiuliza vipande vitatoka wapi, na atume watoto wawili sokoni saa kumi na moja jioni, wakati mafundi wanapofagia vibanda vyao. Vipande huchomwa hapo hapo. Waende na gunia, na waombe kwa adabu.