Barabara Si ya Malori Peke Yake

Jumamosi moja wazee watatu tulipanda baiskeli Ngara mjini, tukalala Nyakahura, na Jumapili tukaingia Biharamulo. Njiani vijana walituuliza kama tumekosa nauli. Ati baiskeli ni dalili ya ufukara! Ndizi za milimani hufikaje sokoni, kama si juu ya keria? Na mgonjwa hufikaje zahanati?

Tangu Benaco, pale walipopokewa maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda mwaka 1994, mpaka Lusahunga, malori yaendayo Kigali na Bujumbura hukupigia honi ushuke majanini. Tulishuka mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Mwenye mkungu wa ndizi nyuma yake hashuki kwa urahisi hivyo, huanguka.

Wakubwa watasema fedha hazitoshi. Je, mita moja na nusu ya bega la lami ni ghali kuliko mazishi? Wengine hudai barabara ni ya walipao ushuru wa mafuta. Ndugu zangu, sisi tulilipia baiskeli ushuru wa halmashauri miaka mingi, tukafungiwa na kibati, wala hakuna aliyetuchongea hata kijia.